Wosia kwa Kiayalandi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wapo wanaodhani kwamba Kiayalandi ni lahaja tu ya Kiingereza, na kwamba anayeandika wosia kwa lugha hiyo atakosa maneno ya kisheria au atakataliwa mahakamani. Ukweli ni kwamba hiyo ni lugha ya Kikelti, tawi tofauti na la Kiingereza, ambayo ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1937 inaitambua kuwa lugha rasmi ya kwanza ya Ayalandi. Nayo Sheria ya Mirathi ya mwaka 1965, An tAcht Comharbais, inadai maandishi, saini na mashahidi wawili bila kutaja lugha. Wosia huitwa uacht, neno ambalo wengine hulinasibisha na uachtar, yaani malai, kwa kudanganywa na sura, ilhali limetokana na audacht la Kiayalandi cha kale.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba herufi zinazojitokeza mwanzoni mwa maneno ni mapambo ya tahajia. Kimilikishi a, yaani “yake” au “yao”, husimama kwa mwenye mali mwanamume, mwanamke au watu wengi, na kinachoamua ni mwanzo wa nomino inayofuata: a theach ni nyumba ya mwanamume, a teach ni ya mwanamke, a dteach ni yao wote. Anayedondosha h hiyo moja amebadilisha mwenye nyumba. Hata kanuni zikifuatwa barabara, utata haukosi, kwa sababu m haibadiliki baada ya a ya wingi. Basi a mac huweza kuwa mwana wa mama peke yake au mwana wa wazazi wote wawili, na ndiyo maana ni busara kumtaja mrithi kwa jina lake kamili.

Husemwa pia kwamba lugha hii haitofautishi kuwa na kitu na kukimiliki. Inatofautisha, tena kwa maneno mafupi tu: Tá feirm agam ni kusema nina shamba, hata kama ni la kukodi, ilhali Is liomsa an fheirm ni kusema shamba ni mali yangu.

Ama neno tánaiste, ambalo leo ni cheo cha naibu waziri mkuu wa Ayalandi, zamani lilimtaja mrithi wa mtawala, naye hakuwa lazima kifungua mimba, bali alichaguliwa miongoni mwa ndugu wa ukoo, mtawala mwenyewe akiwa angali hai.