Deraya ya buhurt: niambie mwaka na nchi kwanza, bei baadaye

Watu wengi wanaoniandikia wakitaka kuingia buhurt, mchezo wa kupigana kwa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita ya zamani, wanaanza kwa kutuma picha. Helmeti kali, kifua kinang'aa, glavu za chuma zenye vidole, kila kipande kimetoka karne yake, halafu swali ni moja tu, hii yote hela ngapi? Jamani, bei tutaongea, ila kabla ya bei niambie deraya unayoitaka ni ya mwaka gani na nchi gani. Hilo ndo swali linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, mpaka uzito utakaobeba begani.

Kwa ambao bado hamjaujua huu mchezo, ni mapigano ya timu ndani ya uzio, watu wamevaa chuma kweli na silaha ni za chuma ila hazina makali, kuchoma kwa ncha marufuku, na ukigusa chini na kitu chochote zaidi ya nyayo zako mbili umeshatoka. Mashindano ya kimataifa ya Battle of the Nations yalianza 2010 kule Khotyn, Ukraina, na tangu hapo timu zimezaliwa nchi nyingi. Wanapigana 5 kwa 5, wengine makundi makubwa zaidi, na kuna pambano la mtu mmoja mmoja.

Sasa, kanuni nyingi za mashindano ya Ulaya zinataka seti yako nzima itoke eneo moja na ndani ya kipindi cha miaka kama 50 hivi, kwa hiyo ukija na helmeti ya 1350 na mikono ya 1480 mkaguzi anakurudisha na hela umeshalipa. Wapo wanaolalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naitetea hii kanuni kwa nguvu zote, maana deraya haikuwa vipande vya kuokoteza, bega lilichongwa kwa kujua chini yake kuna kifua cha umbo gani, na kifua kilichongwa kwa kujua ndani yake kuna nguo ya unene gani. Ukichanganya zama unapata mianya, na shoka linaupata mwanya haraka kuliko mkaguzi.

Kwa anayeanza, ushauri wangu karibu kila siku ni huohuo, kaa kati ya 1350 na 1400. Ushahidi wake ni mwingi na unaonekana kwa macho. Kuna ngome ya Churburg, kaskazini mwa Italia, yenye deraya za Milano za mwisho wa karne ya 14, kuna sanamu ya kaburi la Black Prince, mwana wa mfalme wa Uingereza, pale Canterbury, yeye alifariki 1376 na sanamu inaonyesha mpaka mikanda ilivyokaa. Na kuna Visby, mji wa kisiwa cha Gotland, Uswidi.

Visby nitaieleza kidogo kwa sababu kila mtu ananitajia "koti la Visby" bila kujua ni nini hasa. Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Denmark liliwachinja wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya ukuta wa mji, maiti zikawa nyingi na jua kali, basi wengi wakazikwa na vyuma vyao mwilini. Wachimbaji wa karne ya 20 wakakuta kwenye yale makaburi makoti ya mabamba yapatayo 25, yaani mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti, yaani misumari ya kugongwa ikabana, ndani ya ngozi au kitambaa. Ni hazina, hakuna ubishi. Ila angalia mambo mawili. La kwanza, vyuma vingi vya wale wakulima vilikuwa vya mtindo uliokwishapitwa, kwa hiyo 1361 ni tarehe ya kufa kwao, sio lazima iwe tarehe ya koti, na hii inakula ile miaka yako 50. La pili ni kubwa zaidi: aina yake inayojulikana sana inafungwa mgongoni, na mabamba yanakinga hasa mbele na ubavuni. Kwenye vita ya mstari, wenzako wako kulia na kushoto, inatosha. Kwenye buhurt umekumbatiana na mtu kwenye uzio halafu mwenzake anakuja na shoka refu kwa nyuma, anapiga figo. Kwa hiyo nikimtengenezea mtu koti la Visby naongeza kinga ya mgongo chini yake, isiyoonekana, au namhamishia kwenye koti la mabamba linalozunguka mwili mzima.

Na hapo ndo kiini cha kupanga deraya ya mchezo huu, kujua ile ya zamani ilikuwa inajibu swali gani. Ilitengenezwa kuzuia mshale, mkuki, ncha ya upanga. Sisi ncha hatuna, tuna vishindo, mieleka na kuanguka. Paja la chuma la mpanda farasi lilifunika mbele na nje tu kwa sababu ndani na nyuma kuna farasi na tandiko. Wewe uko kwa miguu, nyuma ya paja hapana farasi, na pigo la pale linakuacha unachechemea wiki nzima, hivyo naziba kwa mabamba madogo au pedi nene chini ya nguo.

Nguo sasa. Hii ndo sehemu watu wanaibania hela na ndo ninayoipenda kuliko zote. Lyon, Ufaransa, wanatunza koti la Charles de Blois, mkabaila wa Kifaransa aliyeuawa vitani Auray mwaka 1364, na ukilitazama lilivyokatwa unaelewa kila kitu. Tundu la mkono ni kubwa sana, linaingia mpaka kifuani na mgongoni, kwa hiyo mkono ukipanda juu koti halipandi nao. Kiuno kimebana kabisa. Sasa jenga picha kwamba miguu ya chuma, kilo kadhaa kila mmoja, imefungwa kwa kamba kwenye nguo iliyobana kiuno vile, uzito unakaa kiunoni na nyongani, mabega yanabaki huru kupiga. Ukivaa koti la pamba limelegea kama gunia, uzito wote unaning'inia mabegani, dakika mbili tu huwezi kunyanyua mikono.

Helmeti usiibanie hata senti. Mimi nataka milimita 2 na zaidi, mbele na juu nene kuliko nyuma, kama wazee walivyofanya, na pedi nzuri isiyoruhusu chuma kugusa fuvu popote, na mkanda wa kidevu unaoshika kweli. Helmeti inayocheza kichwani ni mtikisiko wa ubongo unaosubiri siku. Shingo pia, shela la pete za chuma peke yake halizuii kishindo, weka kola ngumu chini yake.

Mwilini, chuma cha springi kilichopikwa vizuri cha milimita 1.2 mpaka 1.5 kinatosha, chuma laini kinahitaji unene zaidi na bado kitabonyea. Titaniamu ni nyepesi karibu asilimia 40 kwa ujazo uleule, inafaa sana kwenye mabamba yaliyofichwa ndani ya kitambaa, ila ni ghali. Seti nzima ikiwa kilo 25 mpaka 30 uko vizuri. Mikono, chukua glavu za kifuniko kimoja badala ya vidole, basi, vidole vinavunjika.

Vipimo upimwe ukiwa umevaa ile nguo ya ndani, sio fulana, maana tofauti ni sentimita kadhaa kila upande. Nguo ishonwe kwanza ndo fundi akate chuma. Halafu kabla hatujamaliza vaa vyote, chuchumaa, anguka chini, amka mwenyewe bila kushikwa, nyanyua shoka juu ya kichwa, mtu akusukume kwenye uzio. Ribiti za mwisho za viwiko na magoti tunapiga baada ya hapo, kwa sababu ikishapigwa kuitoa ni kuikata, na tundu lake likishapanuka halirudi.