Je, wajua kwa nini Le'Veon Bell alikaa nje msimu mzima bila kutozwa faini hata ya siku moja?

Mwaka 2018, Le'Veon Bell wa klabu ya Pittsburgh Steelers, katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, alikaa nyumbani msimu mzima na kuziacha dola milioni 14.5 ambazo klabu ilikuwa tayari kumlipa. Kazi yake uwanjani ilikuwa kupokea mpira mkononi nyuma ya ukuta wa wenzake na kukimbia nao hadi aangushwe, na katika makala haya nitamwita mbeba mpira. Swali linaloulizwa hadi leo ni hili: mtu mwenye mkataba aliwezaje kugoma namna ile, asitozwe faini, asishtakiwe, na mwishowe aende klabu nyingine kama mchezaji huru?

Swali lenyewe limesimama juu ya dhana isiyo sahihi, nami niliishika dhana hiyo kwa miaka kadhaa. Nilizisoma habari za Bell kama mtu aliyekulia kwenye soka, ambako mchezaji mwenye mkataba ni wa klabu yake, na mkataba ukiisha yuko huru, kama hukumu ya Bosman ilivyothibitisha huko Ulaya mwaka 1995. Hata kwetu, Feisal Salum, yaani Fei Toto, alipotangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kwamba ameachana na Yanga, kamati ya TFF iliamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga kwa sababu mkataba wake ulikuwa hai, naye akahamia Azam katikati ya mwaka uliofuata baada ya mvutano mrefu. Kwa mizani hiyo, mchezaji anayezuiwa kwenda kwingine lazima awe na mkataba, na akisusa anauvunja. Ndivyo nilivyomhukumu Bell, na sikuwa peke yangu, maana hata baadhi ya wachezaji wenzake walimlaumu hadharani msimu ulipokaribia kuanza.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na mkataba wa kuvunjwa. Mkataba wake wa kwanza, wa miaka 4 tangu aliposajiliwa akiwa chipukizi mwaka 2013, uliisha baada ya msimu wa 2016. Msimu wa 2017 aliucheza kwa karatasi ya mwaka mmoja, ambayo klabu humwekea mchezaji ili kumzuia asihame, nayo ikaisha. Machi 2018 klabu ikamwekea karatasi nyingine ya aina hiyohiyo, na hiyo hakuitia saini. Kuanzia hapo alikuwa mtu asiye na mwajiri, na faini za kukosa kambi ya mazoezi haziwezi kumpata mtu asiye na mwajiri. Melvin Gordon wa Los Angeles Chargers na Ezekiel Elliott wa Dallas Cowboys, waliosusia kambi mwaka 2019, walikuwa na mikataba hai, na klabu zao zilikuwa na haki ya kuwatoza. Wote watatu waliitwa wagomaji, na jina hilo moja ndilo lililoifunika tofauti yao. Wale wawili waliikacha kazi waliyokwisha kuikubali, ilhali Bell alikataa kuajiriwa.

Karatasi hiyo, ambayo mashabiki huiita tagi, ilizaliwa mwaka 1993, wachezaji walipopata uhuru wa kuhama mikataba yao ikiisha. Klabu zilipoutoa uhuru huo zilijibakizia haki ya kumzuia mchezaji mmoja kila mwaka kwa mshahara wa msimu mmoja, unaokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa zaidi ya watu wa nafasi yake. Akizuiwa mara ya pili mfululizo, analipwa asilimia 120 ya mshahara uliotangulia. Bell alilipwa dola milioni 12.12 mwaka 2017. Zidisha kwa 1.2 utapata dola milioni 14.544, na hapo ndipo kiasi kile kilipotoka. Wengi tulidhani ni ukarimu wa klabu, kumbe ni hesabu ya kanuni.

Mfano wa lori unaweza kusaidia. Tuseme una lori lako, na mkataba wako na kampuni ya saruji umekwisha. Kanuni za soko zinairuhusu kampuni hiyo kukuandikia barua kwamba mwaka huu mtu mwingine akitaka kukukodi itambidi aifidie kampuni fidia nzito mno, lakini yenyewe iko tayari kukukodi kwa mwaka mmoja kwa bei nono. Katika NFL, fidia hiyo kwa tagi ya kawaida ni nafasi mbili za raundi ya kwanza katika zamu za kila mwaka za klabu kuchagua chipukizi, bei ambayo klabu nyingine ni nadra mno kuikubali. Usipotia saini hujavunja sheria yoyote, ila lori limelala uani na haliingizi kitu.

Kwa nini basi mtu alilaze? Kwa sababu bei ya mwaka mmoja haisemi lolote juu ya uchakavu. Kampuni inayokukodi kwa miaka mitano, na kukuhakikishia malipo, inaona uchungu kila dereva anapoligongesha lori kwenye shimo, kwa kuwa springi ikikatika hasara ni yake pia. Kampuni inayokukodi kwa mwaka mmoja haina sababu ya kulihurumia: italipakia tani hadi mwisho, na mwaka ukiisha itakurudishia lori lenye shokapu zilizokufa, kisha itatafuta jipya. Msimu wa 2017 Bell alikimbia na mpira mara 321 na kudaka pasi 85, jumla mara 406, na karibu kila mara mwisho wake ni kugongwa na watu wazito kuliko yeye. Alikuwa na umri wa miaka 26, umri ambao wabeba mpira wengi hukaribia kushuka, na Novemba 2015 alikuwa amekwisha kuumia goti na kukosa nusu ya pili ya msimu.

Klabu haikukataa mkataba mrefu. Taarifa za wakati ule zilitaja dola milioni 70 kwa miaka 5, lakini zilieleza kwamba kiasi kilichohakikishwa papo hapo kilikuwa takriban milioni 10 tu. Katika NFL sehemu kubwa ya mkataba hufutika mchezaji akiachwa, hivyo ile milioni 70 ilikuwa ahadi zaidi kuliko deni, na ubishi wa pande mbili ulikuwa juu ya dhamana kuliko juu ya jumla.

Hoja ya uchakavu isibebe zaidi ya uzito wake. Wabeba mpira waliotumika sana mara nyingi hushuka msimu unaofuata, lakini msimu wa kipekee kwa kawaida hufuatwa na wa wastani hata pasipo jeraha, na ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo mawili. Septemba 30, 2018, Earl Thomas, beki wa Seattle Seahawks aliyesusia kambi akidai mkataba mrefu kisha akarudi kucheza, alivunjika mguu uwanjani Arizona, na akiwa anatolewa juu ya kigari aliielekezea benchi ya klabu yake mwenyewe kidole cha kati. Wengi waliona kwamba tukio hilo lilimthibitisha Bell. Hata hivyo, Machi 2019 Thomas alisaini na Baltimore Ravens mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 55.

Saa 10 jioni ya Novemba 13, 2018, muda wa mwisho wa kusaini, ulipita bila saini ya Bell. Kufikia hapo kila wiki ya msimu iliyopita ilikuwa imemkosesha takriban dola 855,000. Kesho yake wenzake walilifungua kabati lake katika chumba cha kubadilishia nguo, waandishi wa habari wakiwapo, wakagawana viatu na vifaa vyake. Nafasi yake uwanjani ilikuwa imeshachukuliwa na James Conner, aliyefunga mara 12 kwa kukimbia msimu ule.

Machi 2019, klabu ikiwa haikumwekea tagi nyingine, Bell alijiunga na New York Jets kwa miaka 4 na dola milioni 52.5. Msimu wa kwanza alipata wastani wa yadi 3.2 tu kwa kila mbio, ingawa ukuta dhaifu uliokuwa mbele yake unafanya iwe vigumu kuulaumu mwaka wa mapumziko peke yake. Oktoba 2020 aliachwa, akiwa ameichezea klabu hiyo mechi 17 na kupata zaidi ya dola milioni 25.

Makubaliano ya kazi ya mwaka 2020 yaliifanya faini ya kukosa kambi kuwa dola 50,000 kwa siku kwa mchezaji aliyekwisha kuvuka mkataba wake wa chipukizi, na klabu haziruhusiwi tena kuisamehe. Kwa asiyetia saini, hata hivyo, mlango ule umebaki wazi. Mwaka 2023 Josh Jacobs, aliyekuwa ameongoza ligi kwa yadi 1,653 za kukimbia, aliwekewa tagi ya dola milioni 10.09 na Las Vegas Raiders. Hakutia saini, akakosa kambi nzima bila kudaiwa hata dola moja, na Agosti 26 akakubaliana na klabu mkataba wa mwaka mmoja wenye thamani ya hadi dola milioni 12.