Je, wajua kwa nini michoro ya bei rahisi inaweza kukutoka ghali kuliko seti ya kuunda ndege?

Duniani kuna watu wanaojiundia ndege nyumbani, wakazirusha na kusafiri nazo. Si wachache. Ndege zilizoundwa na watu binafsi kwa vipande vya kampuni moja tu, Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ambazo zimekwisha kuruka ni zaidi ya 11,000. Kijana wa Lubumbashi anayesoma ufundi wa mashini akilijua hilo, haulizi tena kama inawezekana. Anauliza aanzie wapi: anunue michoro na kutengeneza kila kitu kwa mikono yake, au anunue seti ya vipande vilivyokwisha kukatwa, kazi yake iwe kuviunganisha?

Wengi hujibu kwa kutazama bei. Michoro ya ndege ndogo huuzwa dola mia chache. Seti nzima, pamoja na injini na vyombo vya rubani, hufika makumi ya maelfu ya dola, na zile kubwa hupita laki moja. Kwa hesabu hiyo michoro imekwisha kushinda. Mimi nasema kwa mtu wa Lubumbashi hesabu hiyo inadanganya, na sababu kubwa ni malighafi.

Michoro ndiyo njia ya zamani. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Ufaransa, aliunda ndege ndogo ya mianzi na hariri iitwayo Demoiselle, akaacha watu wainakili bure, na mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics likachapisha michoro yake. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol wa Minnesota alirusha ndege ya mbao yenye injini ya gari la Ford Model A, na hadi leo wapo wanaoiunda. Katika miaka ya 1970 Burt Rutan akaleta VariEze, kisha Long-EZ: unakata povu gumu kwa waya wa moto, unalifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Kwa njia ya michoro ulipata maarifa tu. Mbao, bati, bolti na gundi ulijitafutia mwenyewe.

Hapo ndipo penye shida. Ndege nyingi ndogo za leo zinaundwa kwa bati la alumini, na alumini mjini ipo: mafundi wanayeyusha pistoni kuukuu na fremu za madirisha, wanamimina sufuria. Ila alumini ya sufuria ukiikunja inapasuka. Bati linalotumika sana kwenye ndege ni aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo 2024, na ndani yake mna shaba, asilimia 4 hivi. Ni shaba ile ile iliyoujenga mji wetu wa Lubumbashi. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba na magnesi kidogo, ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 500 na kupoozwa ghafla, haiwi ngumu papo hapo. Inaendelea kukaza yenyewe siku zinazofuata. Shaba hujikusanya katika vichembe vidogo mno ndani ya madini, na vichembe hivyo huzuia tabaka za atomu zisiteleze moja juu ya nyingine.

Kipimo kikikosewa, au moto ukiwa pungufu, nguvu hiyo haipatikani, na jicho haliwezi kugundua. Mabati mawili yatang'aa sawasawa, moja likabeba bawa na jingine likakatika angani. Ndiyo maana bati la ndege hununuliwa likiwa na chapa ya kiwanda na cheti chake.

Shaba hiyo ina adhabu yake pia, kwani inaifanya alumini iliwe upesi na unyevu. Kwa hiyo kiwanda hulivika bati ngozi nyembamba ya alumini safi pande zote mbili, na muundaji hujifunza kuiheshimu ngozi hiyo. Hachori mstari kwa msumari. Hatumii hata penseli, kwa sababu grafiti na alumini zikikutana na unyevu huanza kulana. Anachora kwa kalamu ya wino. Kila tundu likitobolewa, ukingo wake husafishwa mpaka kidole kikipita kisikwaruzike, maana ufa huanzia kwenye ukingo mbaya. Matundu ni maelfu. Ukiwa na seti ya kisasa, mashini inayoongozwa na kompyuta imeyatoboa mengi mahali pake na yanakutana bila kupimwa upya. Kuyasafisha ni kazi yako vilevile.

Mbao nazo zina masharti. Zinazopendwa kwa ndege ni za msprusi, mti wa jamii ya misonobari wa Amerika Kaskazini, nyepesi na zenye nyuzi zilizonyooka. Mbao za miombo yetu ni nzuri kwa milango na vitanda, lakini zingeiongezea ndege uzito usiohitajika.

Na uzito hapa si jambo dogo. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 33, hewa huwa nyepesi kama ya mahali palipo juu ya mita 2,200, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza moja ya tano ya nguvu zake au zaidi. Ndege ndogo ya mbao yenye injini ya Volkswagen, inayoruka vizuri kwenye tambarare za Ufaransa, hapa ingekula uwanja mrefu sana kabla ya kuinuka.

Sasa jumlisha usafiri. Anayejenga kwa michoro ataagiza bati leo, ribiti (vipini vya kufungia bati) mwezi ujao, bolti baadaye (na bolti za duka la vifaa vya ujenzi haziingii kwenye bawa), na kila kifurushi kina nauli na ushuru wake. Seti husafiri ndani ya masanduku machache. Tena viwanda si lazima viwe Marekani: Sling Aircraft iko Johannesburg, na malori ya migodini yanapanda kutoka huko kuja Kasumbalesa kila siku. Sling TSi yao hutumia injini ya Rotax yenye turbo, jambo ambalo kwa mwinuko wetu lina maana kubwa.

Asidhani mtu kwamba seti ni kazi ya wikendi. Sheria ya Marekani inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na muundaji mwenyewe, ndiyo kanuni inayojulikana kama ya asilimia 51, na viwanda hutengeneza seti kwa kuifuata. Saa za kazi huhesabiwa kwa maelfu. Kwa michoro zinaweza kuongezeka maradufu.

Hata hivyo michoro ina haki yake. Aliyekata kila ubavu wa bawa anajua kulitengeneza likiharibika, bila kusubiri mtu. Anayetegemea seti anategemea pia afya ya kampuni: Desemba 2023 Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya kufilisika, na waliokwisha kulipa walilazimika kukubali bei mpya ili wapate vipande vyao. Ila uhuru wa michoro unataka nidhamu. Mwanamuziki John Denver alikufa mwaka 1997 katika Long-EZ aliyoinunua. Aliyeiunda alikuwa amehamisha swichi ya kubadilisha tangi la mafuta, akaiweka nyuma ya bega la kushoto badala ya mahali ilipochorwa. Wachunguzi walihusisha ajali na jitihada za rubani kuifikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni seti, lakini si yote kwa mkupuo. Viwanda kadhaa huuza mkia peke yake kwanza. Nunua huo, uumalize, umwonyeshe fundi wa ndege, ndipo uamue kama mabawa yafuate. Barua kwa Autorité de l'Aviation Civile, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, iandikwe kabla sanduku la kwanza halijavuka mpaka, na kila hatua ipigwe picha kabla bawa halijafungwa, kwa kuwa mkaguzi hawezi kuona ndani ya bawa lililokwisha kupigwa ribiti.