Vitabu vilivyolala rafuni na vilivyo njiani: dhana potofu kuhusu maktaba za mkoa

Kila Julai, mwaka wa serikali unapoanza upya, sisi wakutubi wa mikoani huandika taarifa ya miezi kumi na miwili iliyopita. Swali la kwanza tunaloulizwa halibadiliki: mna vitabu vingapi? Mara chache sana mtu huuliza vilitoka vingapi na vilifika wapi. Nadhani dhana nyingi potofu kuhusu maktaba za umma nje ya miji mikubwa zinazaliwa hapo, kwa hiyo nizijibu zile ninazokutana nazo mara kwa mara.

“Kupeleka vitabu vijijini ni jambo jipya, limeletwa na wafadhili”

Ukweli: jambo hili ni kongwe kuliko uhuru wetu. Shirika la vitabu la East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948, makao yake Nairobi, na mbali na kuchapisha vitabu lilikuwa pia likiazimisha. Masanduku ya vitabu yalipelekwa kwenye vituo vya mbali, na msomaji wa huko ndani aliweza kuletewa kitabu kwa posta. Mwaka 1960 mkutubi wake, Sydney Hockey, aliandika ripoti iliyopendekeza Tanganyika, Kenya na Uganda ziwe na huduma za maktaba za kitaifa. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967.

Kilichofuata Tanzania ndicho kinachonigusa zaidi. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 iliwafundisha kusoma watu wengi mno. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka 67% mwanzoni mwa muongo huo hadi karibu 10% mwaka 1986. Lakini mama aliyehitimu kisomo akiwa na miaka arobaini, akikosa cha kusoma, herufi humtoka kama zilivyomwingia. Ndiyo sababu kukawa na magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa, na ndiyo sababu kukawa na maktaba za vijiji: kabati la vitabu, mara nyingi shuleni au ofisini kwa kijiji, na mtu wa kulitunza.

Nyingi zilikufa, na hapo watu hupachika dhana nyingine, kwamba “watu wetu hawapendi kusoma”. Mimi siikubali hata kidogo. Kabati lenye vitabu vichache humalizwa. Msomaji akishavimaliza na asiletewe vingine, atarudi kufuata nini? Kubadilisha vitabu kunataka gari, dereva na mafuta, na baada ya Vita vya Kagera nchi nzima ilikuwa ikihangaikia mafuta. Vitabu vipya navyo vilitaka karatasi na fedha za kigeni. Tukiwalaumu wasomaji kwa safari ambazo gari halikuzifanya, tunawaonea.

“Maktaba ya ngamia ni kivutio cha kupigwa picha”

Picha zimezunguka dunia, ni kweli. Ila Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilipoanza kazi hiyo Garissa, Oktoba 1996, kwa ngamia watatu, lilikuwa na hesabu ya kawaida kabisa ya usafirishaji. Wafugaji wa kule huhama na mifugo. Njia ni mchanga, na gari hunasa pale ambapo ngamia anapita na mzigo wake. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema; wakifika, mikeka inatandikwa chini ya kivuli na watoto wanachagua. Huduma hiyo ilifika hadi Wajir. Ukilitazama kwa jicho la kazi, sanduku la ngamia ni lilelile sanduku la mwaka 1948, limepata mbebaji anayeijua njia.

“Maktaba ni ya wanafunzi tu”

Hii ina nusu ya ukweli, tena ukweli unaoonekana kwa macho. Kalenda yetu huendeshwa na mitihani. Kabla ya kidato cha sita mwezi Mei, kabla ya darasa la saba mwezi Septemba, na zaidi kabla ya kidato cha nne mwezi Novemba, viti havitoshi. Wengine husoma wamesimama, vitabu vikiwa juu ya kizingiti cha dirisha. Kwa wengi wao maktaba ndiyo sehemu pekee yenye meza, taa na utulivu.

Nusu nyingine haionekani kwa sababu haiketi. Mkulima haji kukaa saa tatu. Huja siku ya gulio, anauliza, anaondoka na kitabu. Huja baada ya mavuno, akiwa na nafasi, na hasa baada ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya Agosti, pale alipoona kitu kwenye banda na sasa anataka maelezo. Huko kwetu rafu ya 630, ambako mpangilio wa Dewey, unaovipa vitabu namba kwa mada zake, huweka kilimo na ufugaji, hubaki na mapengo kuanzia katikati ya Agosti. Ukihesabu waliokaa vitini tu, utaapa kwamba mkulima hakuja mwaka mzima.

“Mkutubi kazi yake ni kugonga muhuri na kunyamazisha watu”

Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka tangu mwaka 1989, na mtu hapelekwi huko kujifunza kugonga muhuri. Nitoe mfano mmoja. Mpangilio wa Dewey ulitoka Marekani mwaka 1876, na una sura ya kwao. Katika namba za dini, Ukristo umepewa 220 hadi 280, wakati Uislamu wote umebanwa ndani ya 297. Fasihi ya Kiswahili, pamoja na tenzi zake za karne nyingi, iko 896.392, nyuma kabisa ya fasihi za Ulaya. Mkutubi wa Tanga au Kigoma asiyelifikiria hili atawafanya wasomaji wake wainame kwenye kona kutafuta vitabu vyao wenyewe. Anayelifikiria atavitoa mbele, ataandika kibao kwa Kiswahili, na vitabu vinavyoazimwa vitaongezeka. Hiyo ndiyo kazi.

Kuhusu ukimya: Jumamosi asubuhi watoto wadogo husomewa hadithi kwa sauti, na wanaitikia kwa sauti. Sitawanyamazisha.

“Kitabu chochote cha msaada ni bora kuliko rafu tupu”

Hapana. Nimewahi kufungua katoni lililosafiri bahari nzima, ndani mna miongozo ya kodi ya nchi ya ng'ambo, ya miaka ya 1980. Kitabu kama hicho kina gharama: kinasafirishwa, kinaorodheshwa, kinachukua nafasi. Kibaya zaidi, mtoto akikishika mara mbili tatu na kukiona hakimhusu, hujifunza kwamba vitabu si vyake. Rafu tupu angalau inamlazimisha mkubwa aulize kwa nini iko tupu. Anayetaka kusaidia atuulize kwanza orodha yetu. Huwa iko tayari, na juu kabisa kuna vitabu vya Kiswahili vya watoto, nakala kumi kumi za kila kimoja.

“Siku hizi kuna intaneti”

Ipo, na wengi huja maktaba kuitumia, kwa sababu bando huisha. Mhitimu anayejaza maombi ya kazi mtandaoni huhitaji kompyuta na mtu wa kumwelekeza. Vivyo hivyo asiyeona anayehitaji nakala ya sauti au ya nukta nundu (breli). Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulilegeza vikwazo vya hakimiliki kwa nakala za namna hiyo, na Kenya ilijiunga nao mwaka 2017. Kupewa haki ni hatua. Mtu wa kuifanya nakala ifike kijijini bado anahitajika.

“Ukiazimisha vitabu, vitapotea”

Baadhi hupotea. Nimeona makabati ya shule yaliyofungwa kwa kufuli, vitabu vikiwa vipya kabisa ndani, kwa kuwa mwalimu aliogopa kulipishwa. Mchwa hawakuogopa, walikuta sanduku limetulia, wakala kutoka nyuma. Hesabu ya vitabu katika taarifa ile ilikuwa kamili hadi siku mlango ulipofunguliwa.

Kwenye fomu yetu ya mwaka nimeanza kuongeza safu ambayo hakuna aliyeiomba: vilivyorudi vimechakaa. Mwaka jana kitabu cha ufugaji nyuki kilirudi kikiwa na nta kwenye kurasa za katikati na jalada limelegea. Tulikibandika gundi asubuhi, na kabla ya Ijumaa kilikuwa kimeshaazimwa na mtu wa kijiji cha pili.