Mji Umesitisha Maghala na Yadi Mpya za Malori: Soma Kabla Hujasaini Mkataba wa Pango

Tangu mji wetu usitishe kwa muda vibali vya maghala mapya na yadi za malori, simu ya ofisi yetu ya mipango miji haitulii. Nyingi zinatoka kwa ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Wakongomani wanaovuta makontena kutoka bandari za Los Angeles na Long Beach hadi huku Inland Empire, ukanda wetu wa maghala mashariki mwa Los Angeles. Swali ni lilelile: "Ndiyo tumefungiwa?" Hamjafungiwa. Kilichosimama ni maombi mapya. Leseni yako haijaguswa, na ghala unakopeleka mzigo kesho asubuhi litakuwa wazi kama jana.

Wapo pia wanaosikia "kwa muda" wakadhani ni mvua ya kupita, wajibanze barazani hadi ikatike. Hao ndio wanaotupa kazi.

Sheria ya jimbo la California inauruhusu mji kupitisha sheria ndogo ya dharura na kusimamisha matumizi fulani ya ardhi wakati kanuni za kudumu zinaandikwa. Zinahitajika kura nne katika kila tano, yaani baraza la wajumbe watano likigawanyika watatu kwa wawili, hoja imekufa. Baraza lazima lieleze ni hatari gani iliyopo sasa kwa afya, usalama au ustawi wa watu. Kipindi cha kwanza ni siku 45. Siku 10 kabla hakijaisha, mji hutoa taarifa ya maandishi kueleza umefanya nini kuondoa tatizo. Ukitaka kuendelea, huitisha kikao cha hadhara, hupiga kura kwa kiwango kilekile, ndipo huongeza miezi 10 na siku 15, na mara ya pili mwaka mmoja. Jumla miaka miwili, basi. Ipo njia nyingine, ya kuanza na kikao cha hadhara kisha kuongeza mara moja tu miezi 22 na siku 15; jumla ni ileile. Jirani zetu wa Colton walianza na siku 45 Mei 2021, kisha wakaongeza. Kwa hiyo anayekwambia "siku 45 zikiisha tunamwaga kokoto" anakupotosha.

Anayeguswa ni yule anayetaka kujenga ghala jipya, kugeuza kiwanja kuwa maegesho ya malori na trela, au kupanua yadi aliyonayo. Yadi iliyoruhusiwa kihalali tangu awali inaendelea, ila haipanuliwi. Mwenye kibali cha ujenzi aliyekwisha kuanza kazi na kutumia fedha nyingi kwa kukitegemea kwa kawaida analindwa. Mwenye michoro mezani tu halindwi. Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako ikiwa na utata, muone mwanasheria.

Majuzi alikuja mzee mmoja, mzaliwa wa Moshi, mwenye semi mbili. Akatandaza mkataba wa pango mezani, miezi mitatu imeshalipwa. Kwenye picha za simu yake niliona uzio wa waya, geti la mnyororo, choo cha plastiki, trela tisa zimepangwa juu ya vumbi lililoloa oili na, hatua chache nyuma ya uzio, kamba ya nguo za mtu. Nikamfungulia ramani. Kiwanja kiko kwenye njano. Kwetu njano ni makazi, viwanda ni zambarau.

"Mbona wenzangu wako pale mwaka wa tatu, mwanangu?"

Wapo, na hawakuwa halali hata siku moja, kabla ya usitishaji wala sasa. Jamani, uzio si kibali. Sahihi ya mwenye ardhi si kibali. Karatasi za usajili wa lori si kibali cha ardhi. Tumelisema hili kwa Kiingereza na Kihispania, leo nalisema kwa Kiswahili.

Tuje kwenye faini. Kwa kuvunja sheria ndogo za mji, jimbo limeweka ukomo wa dola 100 mara ya kwanza, 200 mara ya pili kwa kosa lilelile ndani ya mwaka mmoja, na 500 kila mara inayofuata. Kwa kanuni za ujenzi na usalama, mfano umevuta umeme bila kibali, ukomo ni 130, 700 na 1,300. Watu husikia dola 100 wakacheka. Miji mingi huhesabu kila siku kuwa kosa jipya, hivyo kwa kiwango cha juu wiki mbili ni dola 6,300. Na kulipa faini hakuihalalishi yadi. Si ada ya maegesho.

Injini kuachwa ikiunguruma ni suala jingine kabisa, ila ndilo linalowaleta majirani ofisini. Mwisho wa kuiacha ikiunguruma lori likiwa limesimama ni dakika tano, jimbo zima, na faini huanzia dola 300. Injini zenye kibandiko maalumu cha kutoa moshi kidogo zina nafuu, lakini si karibu na nyumba za watu.

California iliorodhesha chembechembe za moshi wa dizeli kuwa sumu ya hewa tangu 1998, kwa hiyo mama anayelalamika hajaanza kuota. Sheria ya AB 98, iliyosainiwa Septemba 2024, ikaitaka miji ya ukanda huu ipange njia za malori zikwepe makazi na shule, mwisho Januari 1, 2026. Mji unaozembea unaweza kutozwa hadi dola 50,000 kila miezi sita. Faini hiyo ni ya mji; tafadhali msipige simu kuuliza kama itagawanywa kwa madereva.

Malori yanahitaji pa kulala, hilo hakuna anayebisha hapa ofisini. Lakini kwenye kikao kilichopita wenye nyumba walijaza viti, na sikumwona dereva mwenye lori lake mmoja aliyesimama kusema. Anayehitaji mkalimani amwombe karani wa mji mapema, si jioni ya kikao. Na ukija dirishani kwetu kuuliza kama kiwanja kinafaa, njoo kabla hujalipa pango, na uje na namba ya kiwanja iliyo kwenye karatasi ya kodi ya mali ya mwenye ardhi. Picha ya geti haitusaidii.