Betri Mpya, Ugonjwa wa Zamani: Dhana Potofu Kuhusu Chaji ya Gari

Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia Makambako hadi Uyole utasikia stata, mota zinazozungusha injini ili iwake, zikijivuta uani. Wengi hukimbilia kununua betri. Wiki mbili baadaye ile mpya nayo imelala, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye betri. Mita ya kawaida ya fundi ya kupimia volti (multimita) inatosha kulijua hilo kabla hujatoa hela.

"Baridi ndiyo inayoua betri."
Baridi huumbua tu. Kinachoua betri zaidi ni joto: hukausha maji na kuharakisha kutu kwenye sahani za ndani. Gari lililoshinda miezi kwenye joto la Kyela likipanda Njombe, asubuhi ya kwanza linagoma, na baridi inabeba lawama. Ni kweli kwamba karibu na nyuzi 0 betri hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake, na oili ikiwa nzito injini inadai zaidi. Lakini betri nzima hulimudu hilo.

Pima volti za betri gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujagusa funguo. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilianza na 12.5, betri imechoka ndani. Ikibaki 12 na stata haizunguki, achana na betri. Tafuta kwenye stata, waya zake au swichi.

"Chomoa temino (kishikio cha waya kwenye nguzo ya betri) gari likiwa linaunguruma; likizima, alteneta ni mbovu."
Hii ndiyo tunayotamani ife kwanza, maana bado inafanyika gereji nyingi kwa fahari kabisa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, yaani mashine inayoichaji injini ikiwaka. Ukiichomoa ghafla alteneta ikiwa inasukuma ampea nyingi, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti zake, haiwahi kupunguza, na kwa sehemu ya sekunde volti zinaweza kuruka kupita 40. Kwenye alteneta isiyo na kinga zinakaribia 100. Dayodi, zinazogeuza umeme wa AC wa alteneta kuwa DC wa betri, zinapasuka, na kompyuta ya injini inaweza kuondoka nazo. Gari la zamani lisilo na kompyuta lilivumilia, na hapo ndipo mazoea yalipoanzia.

Na hata lisipoungua kitu, jibu lenyewe ni la uongo. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika zinahitaji umeme kidogo mno kuendelea kuunguruma, kwa hiyo alteneta inaweza kuwa imekufa kabisa na injini isizime. Gari la petroli nalo linaweza kubaki linawaka kwa alteneta inayotoa nusu tu ya kinachotakiwa.

Njia sahihi: betri imefungwa, injini inawaka, mita kwenye nguzo mbili za betri. Gari nyingi husoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa na feni, kanyaga hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Isishuke chini ya 13.5 hivi. Ikikaa kwenye 12 na inazidi kushuka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa, utainusa. Baadhi ya gari za karibuni kompyuta hushusha chaji kwa makusudi, hivyo usihukumu kwa somo moja. Mwisho, geuza mita kwenye volti za AC: zaidi ya 0.5 inaashiria dayodi imekufa.

"Haichaji? Badili alteneta."
Anza na mkanda unaozungusha alteneta. Ubonyeze katikati ya pulei mbili. Ukizama zaidi ya sentimita moja, au ukipiga kelele ukiwasha taa, unateleza. Halafu waya. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye boliti kubwa ya alteneta na nyingine kwenye nguzo ya chanya yenyewe, siyo kwenye temino. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Rudia kutoka bodi ya alteneta hadi nguzo ya hasi. Hapo isizidi 0.2. Mara nyingi mwizi ni ule unga mweupe au wa kijani kwenye temino, au waya wa ethi (wa hasi) uliolegea kwenye injini. Maji ya moto yenye kijiko cha magadi yanausafisha, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa.

"Taa ya betri haiwaki kwenye dashibodi, basi chaji ipo."
Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa isipowaka hapo, huenda balbu imeungua, na kwenye alteneta nyingi za zamani balbu hiyo ndiyo inayoiamsha ianze kuchaji.

"Betri ikidhoofu, ongeza tindikali."
Kinachopungua ni maji. Ongeza maji safi ya betri hadi yafunike sahani kwa milimita 10 hivi. Maji ya bomba au ya mto yana madini, usiyatie.

"Ukishabusti, endesha kidogo itajaa."
Ukiwasha kwa betri ya gari jingine, mwendo wa Uyole hadi Mwanjelwa na foleni zake haurudishi kitu. Betri ya ampea-saa 60 iliyoisha inataka chaja ya nje, ampea 6 kwa saa 10 hadi 12.

Kama vipimo vyote ni vizuri na bado inaisha usiku, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, chomoa temino ya hasi, weka mita katikati ya temino na nguzo, funga milango na usubiri nusu saa. Kawaida ni ampea 0.05 au chini. Ukikuta 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kila siku. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Redio na kingʼora vilivyofungwa baadaye ndivyo huwa vya kwanza kukamatwa. Usipige stata mita ikiwa hapo, na ukimaliza rudisha waya kwenye tundu la volti, la sivyo kipimo kinachofuata kitakuwa shoti.