Je, wajua? Mtu aliyepewa nusukaputi hajalala

"Sasa utalala kidogo," daktari wa usingizi humwambia mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji. Ni maneno ya kumtoa mtu hofu, hayana ubaya. Ila ubongo wake haulali. Neno letu la zamani, nusukaputi, limeukaribia ukweli zaidi: hiyo kaputi inasemekana ni ya Kijerumani, kwa maana ya kitu kilichoharibika au kilichokufa. Nusu kufa, basi.

Mtazame mtoto aliyelala fofofo. Mtekenye unyayo, atavuta mguu. Mwite mara tatu, atafumbua jicho moja na kununa. Aliyepewa nusukaputi anapasuliwa tumbo wala hashtuki.

Tofauti yenyewe huonekana kwenye mashine inayonasa umeme wa ubongo kwa vibandiko vya kichwani, kazi ambayo Mjerumani Hans Berger aliifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Ukilala usiku, mawimbi ya umeme huo hayatulii mahali pamoja. Unaanza na usingizi mwepesi, unazama kwenye usingizi mzito wenye mawimbi makubwa ya polepole, yasiyofika manne kwa sekunde, kisha unapanda hadi hatua ambayo macho yanachezacheza chini ya kope na mawimbi yanakwenda mbio karibu kama ya mtu aliye macho. Hapo ndipo penye ndoto nyingi. Safari nzima huchukua kama dakika 90, kisha inaanza upya, mara nne au tano hadi alfajiri.

Sasa propofoli, dawa ya nusukaputi nyeupe kama maziwa inayoingizwa kwenye mshipa. Mgonjwa anaambiwa ahesabu, hafiki mbali. Sauti inakuwa nzito, kope zinashuka, na daktari akizigusa kwa ncha ya kidole hazipepesi tena. Kwenye kioo cha mashine yanatokea mawimbi makubwa ya polepole, na hapa kweli yanafanana na ya usingizi mzito. Lakini juu yake, upande wa paji la uso, kuna wimbi jingine la mara 8 hadi 12 kwa sekunde, linalokwenda mfululizo bila kukatika. Usingizini hutokea mitikisiko inayokaribiana na hiyo, ila hudumu sekunde moja au mbili, ikapotea. Tena hakuna kupanda wala kushuka: ubongo unakaa pale dawa ilipouweka. Dawa ikizidi, mstari unanyooka kabisa kwa sekunde kadhaa, unaruka ghafla, unanyooka tena. Mtu mzima wa afya hata alale vipi, hutauona mstari huo.

Cha ajabu, usingizi na propofoli vyote vinaitumia kemikali moja ya ubongo, GABA, ambayo kazi yake ni kuzinyamazisha seli za neva. Usingizini, kikundi kidogo cha seli ndani ya hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huielekeza kwenye vituo vinavyotuweka macho, na vituo hivyo vina uwezo wa kujibu mapigo. Ndiyo maana mlango ukigongwa unaamka. Propofoli haichagui. Huiongezea GABA nguvu karibu kila pembe kwa wakati mmoja, hadi kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi. Mara nyingi mgonjwa huacha kupumua, na daktari huwa tayari ameinua taya lake na kushika barakoa ya hewa. Mwaka 2010 Emery Brown, daktari wa usingizi wa Marekani, na wenzake waliandika kwamba hali hii ni koma, yaani kuzimia kabisa, inayoletwa na dawa, koma ambayo mtu huingizwa kisha akatolewa. Naona wako sahihi.

Dawa nyingine zina tabia zake. Ketamini huyafanya mawimbi yaende mbio, na mgonjwa anaweza kubaki amekodoa macho bila kuwa na habari. Deksmedetomidini ndiyo inayouiga usingizi kwa karibu zaidi: aliyepewa kiasi cha kumtuliza ukimwita anaitika, ukinyamaza anarudi kulala.

Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu huamka akijua muda umepita. Aliyetoka kwenye propofoli, huku jeraha limeshashonwa na kufungwa bandeji, mara nyingi huuliza: "Mnaanza saa ngapi?"